Mtoto Anayeamka Dhaifu Asubuhi



Labda umeona mtoto wa namna hii karibu nawe. Mchana anacheza na kula vizuri. Lakini tumbo lake ni kubwa upande wa kuume, na yeye ni mfupi kuliko wenzake. Asubuhi kabla ya kula ni dhaifu, anatoka jasho, anatetemeka. Akisha kula, nguvu inarudi. Ndipo watu wanaanza kusema. Mmoja anasema, "Bibi yake mzee anamla usiku." Mwingine anasema, "Ni mama yake aliyeleta mabaya kutoka kwao."

Usimshitaki mtu. Soma kwanza maneno haya mpaka mwisho.

INI NI GHALA

Ukila bugali, ndizi au viazi, chakula hicho kinageuka kuwa sukari katika damu. Mwili hauwezi kuitumia yote mara moja. Sehemu inawekwa ndani ya ini, kama vile wewe unavyoweka mahindi ghalani. Sukari hiyo iliyowekwa inaitwa glikojeni. Usiku, unapolala bila kula, ini linafungua ghala na kutoa sukari kidogo kidogo, ili ubongo usikose chakula hata asubuhi.

Nani anafungua ghala hiyo? Ni mfanyakazi mdogo sana ambaye wanganga wanamwita fosforilasi. Kazi yake ni kukata sukari kutoka kwa glikojeni. Lakini mlinzi huyu hulala mpaka aamshwe. Yule anayemwamsha anaitwa fosforilasi kinasi. Anamtia alama ya fosfeti, na mlinzi anaamka na kuanza kazi.

Na mwamshaji huyu naye anangojea kuitwa. Kitu kimoja kinachomwita ni kalsiamu, ile ile inayokaza mifupa na meno. Unapoinua jembe, kalsiamu inatoka ndani ya nyama ya mkono na kuikaza. Kalsiamu hiyo hiyo inamwita mwamshaji, na sukari inatolewa. Hivyo kazi na chakula cha kazi vinakuja pamoja. Katika ini, homoni za njaa zinasaidia pia kumwita.

NAMNA JAMBO HILI LILIVYOJULIKANA

Katika miaka ya 1950, wataalamu wawili, Edmond Fischer na Edwin Krebs, walifanya kazi mjini Seattle, Marekani. Walichunguza maji yaliyotolewa katika nyama ya sungura. Waliposafisha maji hayo kwa kuyachuja katika karatasi, walimkuta mlinzi yu macho. Walipoacha karatasi, walimkuta amelala. Mwishowe walifahamu sababu: ndani ya karatasi mlikuwa kalsiamu kidogo, nayo ilikuwa imemwita mwamshaji! Kwa kazi yao walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1992.

MAAGIZO YALIYOHARIBIKA

Mwamshaji huyu ana sehemu za namna nne. Moja inashika kalsiamu, moja inatia alama, na mbili zinaongoza kazi. Kila sehemu inatengenezwa kwa maagizo yaliyo ndani ya mwili tangu mimba. Maagizo hayo yanaitwa jeni. Jeni inayoitwa PHKG2 inaagiza ile sehemu ya ini inayotia alama. Jeni nyingine, PHKA2, inaagiza sehemu mojawapo inayoongoza.

Jeni moja ya hizo ikiharibika, mwamshaji wa ini hafanyi kazi vizuri. Ghala inajaa, lakini haifunguki kama inavyopasa. Ndiyo sababu ini linavimba, na ndiyo sababu mtoto anakosa nguvu asubuhi. Ana njaa huku ghala yake imejaa! Usifikiri kwamba kumpa ndagala au maziwa mengi kutamponya. Kalsiamu iko, mwamshaji ndiye mwenye kasoro.

Ugonjwa huu si wa watu wengi. Lakini kwa nyumba iliyo nao, ni jambo kubwa.

JE, NI KOSA LA NANI?

Si kosa la mtu. Wagonjwa wengi wana kasoro katika PHKA2. Mama anaweza kubeba jeni hiyo naye akawa mzima, kwa sababu ana jeni ya pili iliyo nzuri. Mtoto mwanamume ana moja tu. Akipokea ile iliyoharibika, anaugua. Kila mwana wa mama huyo anaweza kuipokea au kutoipokea, nusu kwa nusu.

PHKG2 ni tofauti. Hapo baba na mama wote wawili wanabeba kasoro bila kujua, na mtoto anaugua akipokea kutoka kwa wote wawili. Watoto wa kike wanaweza kuugua pia. Namna hii mara nyingi ni kali zaidi, na inaweza kuharibu ini.

Basi, baba, usimfukuze mke wako. Hakuchagua jeni zake, nawe hukuchagua zako. Na bibi mzee hakumla mtu. Mufumu hawezi kuona jeni. Atakula mbuzi wako tu, na mtoto ataendelea kuamka dhaifu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mpeleke mtoto hospitali. Tumbo kubwa lina sababu nyingi: malaria, bilharzia, minyoo, kukosa chakula chenye nguvu. Hizo ni nyingi kuliko ugonjwa huu. Munganga atapapasa tumbo na kupima damu. Usiamue mwenyewe nyumbani.

2. Ikiwa munganga amesema ni ugonjwa huu, mlishe mtoto mara nyingi, kidogo kidogo. Ale kabla ya kulala. Ikiwa mdogo, mwamshe usiku umpe chakula. Mpe maharagwe, mayai, samaki au nyama pamoja na bugali. Asiende shuleni na tumbo tupu, wala asifunge kula pamoja na wakubwa.

3. Pengine munganga atampa wanga safi wa mahindi, usiopikwa, uliokorogwa katika maji baridi. Unatoa sukari polepole usiku. Fuata kipimo chake. Usijaribu kutumia unga wa muhogo mbichi! Muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri una sumu, na sumu hiyo inaweza kuleta konzo, kupooza kwa miguu.

4. Mtoto akitapika au akikataa chakula kwa sababu ya homa, usingojee kesho. Siku hiyo ghala haitamsaidia. Mpeleke upesi.

5. Mtoto akiwa dhaifu na kutoka jasho, lakini anaweza kumeza, weka vijiko vidogo vinne vya sukari katika kikombe cha maji safi, umnyweshe, halafu nenda hospitali. Ikiwa hasikii au anashikwa na degedege, usimmiminie kitu kinywani. Kitaingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu na kumpeleka mara moja.

KUNA TUMAINI

Wengi wenye kasoro ya PHKA2 wanaendelea vizuri kadiri wanavyokua. Ini linapungua, na wanakuja kuwafikia wenzao kwa urefu, hata kama wanachelewa. Lakini lazima wafike huko wakiwa hai.

Kwa hiyo, usiku huu, mama anapoamka kumpa mtoto uji, bibi mzee na akae karibu na moto pamoja naye. Mikono miwili inachoka. Minne itamlinda mtoto mpaka asubuhi.