Mshindane kwa Barua! Mchezo wa Shabaha kwa Wapenzi Wanaoishi Mbalimbali

Mpenzi wako yuko mkoa mwingine kikazi, wewe uko Arusha, na simu zenu za jioni zimeshageuka taarifa ya habari: luku imeisha, ada imelipwa, mtoto anakohoa, usiku mwema. Unajijua, wala sikutaji jina! Basi mwezi huu nakuletea mchezo ambao wenzetu huko nje wameucheza kwa zaidi ya miaka 100, sisi tukauacha upite. Mnashindana kulenga shabaha, kila mtu akiwa kwake, na matokeo yanakwenda kwa posta.

Usicheke kwanza. Mwaka 1909 yalianza mashindano ya Kombe la Dewar, yakiwakutanisha walenga shabaha wa Uingereza na wa Marekani bila mtu kupanda meli. Kila timu ilifyatua risasi nchini kwake, mbele ya mashahidi, kisha alama zikalinganishwa. Kanuni yake iliyozoeleka ni timu ya watu 20, kila mmoja na risasi 20 kwa umbali wa yadi 50, nyingine 20 kwa yadi 100, na ukizilenga zote katikati unapata 400. Klabu ndogondogo za Uingereza nazo zina ligi zao za posta. Kadi moja ina duara 10, kila duara linapigwa risasi moja kutoka yadi 25, jumla ni 100. Kadi ikishapigwa inasainiwa na shahidi, inaingia kwenye bahasha, inakwenda kwa msahihishaji ambaye pengine hajawahi kukutana na aliyeipiga. Yeye anaona matundu tu. Akiwa na shaka na tundu lililo karibu na mstari, anachomeka kipimo maalumu na kuamua.

Na si mambo ya mababu peke yake. Korona ilipofunga viwanja mwaka 2020, World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wa upinde, liliandaa shindano ambalo mabingwa walipiga mishale wakiwa nyumbani kwao. Mwishoni mwa mwaka huohuo likafungua mashindano ya wote: unapiga mishale 60 kwa umbali wa mita 18 popote ulipo, unatuma alama zako kwa intaneti. Posta imebadilika, lakini mchezo ni uleule.

Bunduki? Hapana, asante

Najua msomaji wa kiume ameshaanza kuota bunduki ya upepo. Kweli, ndiyo inayotumika kwenye shabaha ya mita 10, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1984, na ni mchezo wa heshima. Hebu fikiria, nukta ya alama 10 kwenye kadi yake ina upana wa nusu milimita, wakati kirisasi chenyewe kina milimita 4.5. Yaani unalenga kitu kidogo kuliko unachokirusha!

Lakini tuambizane ukweli. Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na mtu anayetaka kitu chochote chenye sura ya bunduki aanzie kituo cha polisi kuuliza, siyo dukani. Halafu, huku kwetu kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Ilboru mpaka Tengeru, ua wa mtu ni njia ya watu. Mama muuza maziwa anakatiza kwenye migomba bila hodi, watoto wa jirani wanafuata parachichi lililoanguka, na fundi anapita kuulizia maji. Uwanja wa shabaha mahali kama hapo? Kabla hujapiga raundi ya pili balozi wa nyumba kumi yuko mlangoni, na ana haki.

Mimi na mume wangu tulichagua vishale. Ndiyo, vilevile vya baa! Mrushaji anasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, na kitovu cha ubao kinakaa mita 1.73 kutoka sakafuni. Kibaraza kinatosha, hata sebule ya chumba kimoja inatosha ukisogeza kochi. Na kwa taarifa yako, ubao wenyewe hautoki mbali: kampuni ya Nodor, inayomiliki pia jina la Winmau, inatengeneza mbao zake Kenya, na ndani yake ni mkonge ulioshindiliwa. Mkonge huohuo tunaokariri shuleni kwamba uko Tanga.

Tunavyocheza

Mume wangu alihamia Dodoma serikali ilipohamia huko. Ni kama kilomita 420 kwa njia ya Babati na Kondoa, kwa hiyo kuonana ni mwisho wa mwezi, na wakati mwingine mwezi unapita bila hata hiyo. Ubao mmoja uko kwake, mmoja kwangu.

Hatuhesabu alama za ubao wenyewe. Juu yake tunabandika kadi ya manila, saizi ya karatasi ya kawaida ya ofisini, ambayo tumeichora kwa bikari duara 10, kila moja imeizidi mwenzake sentimita moja. Katikati ni 10, pembeni kabisa ni 1. Vishale 10, basi. Kikigusa mstari unapewa alama ya juu. Vishale viwili vikiingia tundu moja, hilo tutalijadili siku likitokea. Mpaka leo hakuna aliye hodari kiasi hicho.

Kwa nini manila? Kwa sababu tundu linabaki. Alama ya kuambiwa kwenye simu ni maneno, lakini kadi yenye matundu ni kitu unachokishika.

Hapa ndipo kuna utamu. Nikipiga peke yangu kibarazani, nani ananizuia kupiga kadi sita na kutuma iliyo nzuri? Picha ya WhatsApp ingefanya hivyo kuwa rahisi zaidi. Wenzetu wa klabu wana kadi rasmi na mashahidi. Sisi tuliamua hivi: kadi zangu zinasainiwa na yeye kabla hazijapigwa, na zake nazisaini mimi, zina namba, na tunatumiana zikiwa tupu. Raundi moja, kadi moja. Kadi ikipotea au ikichanika, inahesabiwa sifuri. Halafu mhuri wa posta unafunga mjadala: raundi ikiisha Jumamosi, Jumatatu bahasha iwe imepigwa mhuri, na hakuna kutaja alama kwa simu mpaka ya mwenzako ikufikie.

Watu wananiuliza kwa nini nisitume kwa basi kama kila mtu anavyotuma vifurushi. Basi lina haraka, sikatai. Lakini basi halina mhuri wenye tarehe, na mimi sina haraka. Siku za kusubiri ndizo nilizozipenda. Napita Posta pale Mnara wa Saa saa ya chakula cha mchana, nafungua sanduku, na kama bahasha ipo naifungulia hapohapo nje, nikihesabu matundu kwa kidole kama mtu aliyepewa mshahara.

Kadi namba tano

Mume wangu ni mrushaji mzuri kuniliko. Kadi zake huwa 65, 68, mara moja 73, na matundu yake yanakaa pamoja kama watu wa ukoo mmoja. Kadi namba tano ilikuja na 34. Matundu yametawanyika kila kona, mawili nje kabisa ya duara. Hakuandika maelezo, ila saini yangu ilikuwa pale chini na tarehe yake.

Angeweza kusema imelowa. Ilikuwa masika, ningemwamini, na sifuri ya kadi iliyolowa haina aibu. Aliituma hivyohivyo.

Nilimpigia usiku ule, sikuuliza luku wala ada. Nilimuuliza, "Baba, mkono una nini?" Akanyamaza. Kisha akasema wiki ile alikuwa ameambiwa kazini kwamba uhamisho wa kurudi Arusha, ule tuliokuwa tunauhesabia miezi, hautakuwepo kwa miaka miwili mingine. Alikuwa amekaa na habari hiyo siku tisa. Siku tisa tulikuwa tumezungumza kwenye simu kila jioni, na kila jioni alikuwa mzima wa afya, salama kabisa.

Tuliongea mpaka saa saba usiku. Tuligombana pia, maana nilikuwa na hasira ya zile siku tisa, na yeye alikuwa na hasira ya kwamba naweza kumsoma kwenye kipande cha manila lakini nisimsikie kwenye sauti. Hatukumaliza usiku ule. Suala la nani amfuate mwenzake bado liko mezani, na kazi yangu ya uhariri si kitu cha kukunja kwenye begi kama kanga. Lakini sasa tunalizungumza.

Tumeshapiga raundi saba. Mimi nina 447, yeye ana 438, na anadai ile kadi namba tano ifutwe. Nimekataa.

Binti yetu naye ameomba kadi. Tumempimia mstari wake wa karibu, na harushi bila mtu mzima kusimama nyuma yake. Tulipomwambia baba yake ndiye atakayemsainia, akakataa katakata, eti baba atampendelea. Anataka asaini bibi yake wa Ngaramtoni. Bibi amekubali, ila amesema hasaini karatasi tupu ya mtu yeyote mpaka aelezwe vizuri ni ya nini, kwa hiyo Jumapili tunapanda huko na ubao kwenye daladala.