Kaskazi imetuliza bahari: Mvuvi wa Bamburi anaruhusiwa kuvua wapi, na kwa nini?

Kuanzia Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, bahari ya Bamburi hutulia na maji huwa maangavu kiasi cha kuona mwamba. Huu ndio msimu wa joto. Wageni kutoka bara hujaa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, mitumbwi iliyokuwa imeinuliwa juu ya mchanga wakati wa kusi hurudi majini, na jioni mama karanga wa Mtopanga huwa na samaki wengi zaidi kwenye karai.

Msimu huu pia ndio wenye maswali mengi. Kwa nini mvuvi mmoja anatega pale na mwingine anafukuzwa mita chache kutoka hapo? Kwa nini wavu fulani unachukuliwa na maafisa? Je, mkazi au mgeni anaweza kumlipa mvuvi ampeleke kuvua?

Siku ya mvuvi mdogo huanza kabla ya jua. Alfajiri huvuma umande, yaani upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, nao humsaidia kutoka kwa tanga au kwa kasia bila kutumia mafuta. Saa ya kutoka haipangwi kwa upepo peke yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Anayeinua dema, ule mtego uliosukwa kwa fito za mianzi, husubiri maji yapungue ili alione chini. Anayevua kwa mshipi nje ya mwamba hutafuta maji ya kutosha kupita mlangoni, akifuata changu na tewa, au kolekole na nguru ikiwa chombo chake ni kikubwa na kina injini. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kuelekea nchi kavu, ukamrudisha nyumbani.

Kati ya kutoka na kurudi kuna mstari ambao wengi hawaujui. Bahari ya upande huu ina maeneo mawili yaliyotangazwa mwaka 1986, na majina yake hufanana hadi yanachanganya. La kwanza ni Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Mombasa, yenye ukubwa wa takriban kilomita 10 za mraba. Ndani yake hakuna kuvua kabisa, iwe kwa ndoana, kwa dema au kwa mkono, na kuokota kombe au kuvunja matumbawe ni kosa. La pili ni hifadhi inayoizunguka mbuga hiyo, takriban kilomita 200 za mraba. Humo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, mradi vifaa viwe halali. Maeneo yote mawili yako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo ni la serikali ya kitaifa. Uvuvi kwa jumla ni miongoni mwa kazi zilizogatuliwa kwa kaunti na Katiba ya 2010. Ndiyo sababu mvuvi mmoja anaweza kukutana na maafisa wa ofisi mbili tofauti kwa siku moja.

Wavuvi waliopoteza sehemu zao za zamani mbuga ilipoanza kulindwa hawakufurahi, na si vigumu kuelewa kwa nini. Waliombwa waache maji waliyoyavua tangu enzi za babu zao. Lakini samaki hawajui boya la mpaka. Wakizaana na kukua ndani, wengine hutoka. Watafiti Tim McClanahan na Stephen Mangi walipima mavuno ya madema hapa hapa Mombasa na kuchapisha matokeo mwaka 2000: madema yaliyo karibu na ukingo wa mbuga yalipata samaki wengi kuliko yaliyo mbali nao. Tafi na changu, samaki wa kila siku wa Kisauni, walikuwa miongoni mwa waliovuka. Mvuvi anayetega nje kidogo ya mpaka anavuna kilichofugwa ndani. Anayevuka usiku kwenda kuvua ndani anakula mbegu ya jirani yake.

Tafi ana sababu nyingine ya kuangaliwa msimu huu. Katika pwani ya Kenya, tafi hutaga mayai hasa Januari na Februari, kisha tena Mei na Juni. Kwa maneno mengine, bahari hutulia na vyombo huongezeka wakati uleule samaki huyu anapozaana. Juya linalokokotwa hadi ufuoni hukusanya wakubwa na wachanga pamoja na kuchimbua nyasi za bahari wanamokulia. Juya na bunduki ya mshale vimepigwa marufuku tangu 2001. Baruti na sumu ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016.

Kuhusu kumlipa mvuvi akupeleke baharini: leseni ya kuvua si leseni ya kubeba abiria. Vyombo vya abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Ubaharia (KMA), na anayevua kwa kujifurahisha huhitaji kibali chake mwenyewe. Kabla ya kulipa, uliza kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho wengi hukiita BMU. Kikundi hiki kinatambuliwa na sheria, kinajua chombo cha nani kimesajiliwa, na ndipo mahali pa kwanza pa kuripoti juya au mashua ambayo haijarudi. Ikiwa mtu yuko hatarini majini, piga 999 au 112. Kila aliye chomboni avae jaketi okozi, hata anayejua kuogelea. Jaketi lililofungwa chini ya benchi halijamsaidia mtu.

Mnunuzi naye ana la kuuliza pale karaini. Tafi wa urefu wa kidole hawakupatikana kwa dema lenye matundu halali, kwa sababu wangepita na kwenda zao.

Kusi huanza Aprili. Mawimbi yakipanda juu ya mwamba, mitumbwi midogo huvutwa tena mchangani, na wanaobaki kutoka ni wenye vyombo vikubwa.