Mstari wa Shehena: Mashauriano ya Serikali na Wenye Meli nchini Uingereza, 1873–1906

Makala haya yanaeleza jinsi sheria ya usalama wa meli za biashara nchini Uingereza ilivyotokana na mvutano wa muda mrefu baina ya serikali na wenye meli. Suala la msingi lilikuwa moja: ni nani mwenye haki ya kuamua kiasi cha shehena kinachopakiwa melini?

Mwaka 1873, Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby, alichapisha kitabu kilichodai kwamba baadhi ya wenye meli walizipakia kupita kiasi meli mbovu zilizokatiwa bima. Meli ikizama, mwenyewe hulipwa, baharia hufa. Aidha, baharia aliyekwisha kutia saini mkataba kisha akakataa kusafiri aliweza kufungwa. Wenye meli, ambao baadhi yao walikuwa wabunge, walijibu kwamba masharti makali yangewanufaisha washindani wao wa kigeni.

Tarehe 22 Julai 1875 serikali ya Disraeli iliuweka kando muswada wake, na Plimsoll akafoka Bungeni. Hasira ya umma ikalazimisha sheria ya muda mwaka uleule, na ya kudumu mwaka 1876. Hata hivyo, sheria hiyo ilikuwa zao la maafikiano: ilimtaka mwenye meli achore mstari ubavuni, lakini ikamwachia aamue mwenyewe uchorwe wapi. Hivyo alama ilikuwepo, ila maana yake ilibaki mikononi mwa yule aliyekusudiwa kudhibitiwa.

Mwaka 1884 Joseph Chamberlain alijaribu kudhibiti bima iliyozidi thamani ya meli. Wenye meli walipinga vikali, na muswada ukaondolewa. Ni mwaka 1890 tu ndipo mahali pa mstari palipowekwa kisheria.

David Lloyd George alifuata njia nyingine: alishauriana na wahusika kabla ya muswada kufika Bungeni. Sheria ya 1906 ikazibana pia meli za kigeni zilizotumia bandari za Uingereza, na hoja ya ushindani ikajibiwa. Lakini mwaka huohuo kanuni za mstari zililegezwa, baadhi ya meli zikaruhusiwa kupakia zaidi.

Inadhihirika, basi, kwamba mashauriano yanaweza kuipatia sheria nguvu ya kutekelezeka. Gharama yake hutegemea ni nani aliyeketi mezani, na ni nani aliye baharini wakati huo.