Geji peke yake haitoshi kulijua bati

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Mbulu, Haydom au Katesh wilayani Hanang, mnunuzi wa bati huuliza maswali mawili: bei gani na geji ngapi. Akishajibiwa, hutoa fedha na kutafuta usafiri wa kufikisha mzigo kijijini.

Wazee wa Kiiraqw waliishi katika nyumba zilizoezekwa kwa udongo juu ya miti. Leo familia huweka akiba kwa miaka kadhaa ili kupata bati. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 katika Mlima Hanang, wapo waliolazimika kuanza upya. Kwa watu wa namna hiyo, kukosea kuchagua bati ni hasara kubwa.

Tatizo la kwanza ni kwamba geji yenyewe si kipimo kimoja. Kwa jedwali la Uingereza la nyaya, geji 30 ni milimita 0.315. Kwa jedwali la Marekani la bati lililopakwa zinki, geji 30 hiyo hiyo ni milimita 0.399. Tofauti hiyo ni zaidi ya robo. Ndiyo maana ni salama zaidi kuuliza unene kwa milimita.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Unene hauelezi namna bati litakavyojikunja, litakavyobonyea au litakavyopasuka. Mabati mawili yenye unene sawa yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Ili kuijua tabia hiyo, wataalamu hukata kipande chembamba cha bati na kukivuta kwa mashine hadi kikatike, huku wakiandika nguvu iliyotumika na urefu ulioongezeka. Mwanzoni kipande hunyumbuka, na kikiachiwa hurudi kama kilivyokuwa. Nguvu ikizidi kiwango fulani, hakirudi tena na umbo jipya hubaki. Mwishowe hupungua upana na unene mahali pamoja, kisha hukatika.

Kiwango hicho cha kutorudi ndicho hutenganisha bati laini na gumu. Kwa daraja moja linalotumika sana ni megapaskali 300, na kwa jingine ni 550. Bati laini hukunjwa kwa urahisi kuwa mfereji wa maji au ndoo. Bati gumu hustahimili kubonyea, lakini likikunjwa kwa pembe kali huweza kupasuka.

Ugumu huo hutokana na chuma kubanwa kikiwa baridi kati ya magurudumu ya kiwandani. Wahunzi wa Kibarbaig, wa ukoo wa Gidang'odiga, hawahitaji mashine kulitambua jambo hili. Madini yakipigwa nyundo yakiwa baridi huwa magumu, na yakipashwa moto hulainika tena.

Aidha, kubanwa huko hulipa bati mwelekeo, mfano wa ubao na nyuzi zake. Kwa sababu hiyo vipande vya majaribio hukatwa kwa njia tatu: kufuata urefu wa bati, kukatisha upana wake, na kwa mshazari wa nyuzi 45.

Takwimu hizo ndizo wahandisi huingiza katika kompyuta ili kutabiri jinsi paa litakavyohimili upepo. Takwimu zikiwa pungufu, paa husimama katika kompyuta na kuanguka mtaani.

Mfano ni mji wa Darwin, Australia, uliokumbwa na kimbunga Tracy Desemba 25, 1974. Zaidi ya nusu ya nyumba ziliharibiwa. Uchunguzi ulibaini kuwa mabati membamba na magumu, ambayo yangehimili nguvu ya mkupuo mmoja, yalipasuka kuzunguka misumari na skrubu kwa kutikiswa mara nyingi mfululizo. Tangu hapo majaribio ya mapaa nchini humo yakahusisha kuvuta na kuachia bati mara maelfu.

Somo hilo lina maana hata katika miinuko ya Mbulu na tambarare za Hanang, ambako hakuna vimbunga vya bahari. Upepo huanza kulishambulia bati pale lilipopigiliwa. Msumari mmoja ukilegea, bati huanza kupigapiga, na tundu hupanuka kila siku.

Kwa hiyo mnunuzi aulize mambo manne: unene kwa milimita, daraja la ugumu, kiasi cha zinki, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kisha ahakikishe fundi hapunguzi misumari wala kuziachanisha mno papi. Bati zuri lililopigiliwa ovyo halina tofauti na bati baya.