Alikataa kupuliza, leseni ikaenda

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri, na kila mzazi aliye na mtoto ng'ambo anajua jinsi simu ya saa hiyo inavyoupasua moyo. Aliyekuwa akipiga ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 24 anayesomea uuguzi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwake ilikuwa bado saa tatu za usiku.

"Mjomba," akaniambia baada ya kuniamkia harakaharaka, "wamechukua leseni yangu. Na wala sikupuliza!"

Maneno hayo ya mwisho aliyatamka kama mtu aliyedhulumiwa. Usiku uliotangulia alikuwa katika karamu ya Wakenya wenzake mjini Lowell, kaskazini mwa Boston, ambako watu wetu wamekuwa wengi kwa miaka mingi sasa. Alikunywa chupa tatu, kwa hesabu yake mwenyewe. (Mimi ni mjomba tu, sikuwepo kuhesabu.) Alipokuwa akirudi nyumbani, polisi wa mji wa jirani walimsimamisha kwa kuwa gari lake lilikuwa likiyumba na kuvuka mstari. Wakamtia pingu, wakampeleka kituoni, wakamsomea karatasi fulani, kisha wakamwambia apulize kwenye mashine. Akakataa katakata. Alikuwa amekumbuka ushauri aliopewa na wenzake mezani: ukishikwa usipulize, maana bila kipimo hawana ushahidi.

Ushauri huo si wa Lowell pekee. Hapa Nairobi nimeusikia mara nyingi tangu mwishoni mwa 2013, askari wa trafiki walipoanza kuwatega madereva usiku kwa kile kidude cha Alcoblow. Kuna aliyeniapia kwamba kutafuna majani ya chai kunatosha. Mwingine alisema dawa ni kushuka garini na kukimbia. Lakini wengi walishikilia kwamba mtu hawezi kulazimishwa kutoa pumzi yake mwenyewe. Nakiri kwamba hoja hiyo ya mwisho niliwahi kuiona kuwa na busara.

Sasa msomaji, sikiliza hesabu ya Massachusetts. Dereva aliyetimiza miaka 21, asiye na hatia ya ulevi huko nyuma, akipuliza na kupatikana na kiwango cha 0.08 au zaidi, leseni yake husimamishwa kwa siku 30 huku kesi ikingoja. Akikataa kupuliza, husimamishwa kwa siku 180. Ndiyo, aliyekataa huadhibiwa mara sita ya aliyekubali akapatikana amelewa! Aliyewahi kupatikana na hatia mara moja, kukataa kwake humgharimu miaka mitatu. Aliyepatikana nayo mara mbili hupoteza miaka mitano, na mara tatu hanyang'anywi kwa muda tena, bali kwa maisha yake yote. Kwa vijana walio chini ya miaka 21 mambo ni magumu zaidi, kwani kwao kiwango ni 0.02 tu, ambacho chupa moja yaweza kukifikisha, na anayekataa kwa mara ya kwanza hukaa miaka mitatu bila leseni.

Haya yote hutokea kabla mtu hajamwona hakimu. Leseni huchukuliwa usiku uleule kituoni, na gari nalo hufungiwa kwa saa 12.

KUKUBALI BILA KUSEMA

Ukali huo ulitoka wapi? Vifaa vya kupima pumzi si vya jana. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Indiana, Rolla Harger, alibuni kimoja katika miaka ya 1930, ambapo mtu alipuliza puto kwanza. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi katika jimbo hilohilo, akatengeneza mashine ndogo iliyoweza kubebwa na kuendeshwa na askari wa kawaida. Msingi wake ni rahisi. Pombe ikishaingia katika damu hupita mapafuni, na kiasi chake katika pumzi ya ndani kabisa hulingana na kilichomo katika damu. Ndiyo maana askari hukuhimiza upulize kwa nguvu na kwa muda. Pumzi ya mdomoni haimwambii kitu.

Tatizo likawa ni watu kama mpwa wangu. Mashine ni nzuri, lakini ina faida gani iwapo kila mlevi atafunga mdomo? Jimbo la New York lilitafuta jawabu mwaka 1953, na baadaye majimbo yote ya Marekani yakafuata. Jawabu lenyewe ni la kisheria, wala si la kimitambo. Sheria ilisema kwamba mtu yeyote anayeendesha gari katika barabara ya umma huhesabiwa kuwa tayari amekubali kupimwa endapo atakamatwa kwa tuhuma za ulevi. Hakutia sahihi popote, hakuapa mbele ya mtu. Kule kushika usukani tu ndiko kukubali kwake. Bado anaweza kukataa akifika kituoni, maana hakuna atakayempanua mdomo kwa nguvu, lakini kwa kukataa amevunja ahadi, na malipo ya ahadi hiyo ni leseni.

Hapo ndipo mpwa wangu alipopotea njia. Alidhani kuna kesi moja tu, ile ya ulevi, na kwamba akiinyima ushahidi itakufa. Kumbe zilikuwa mbili. Ya pili haimuulizi alikunywa nini.

Nilifahamu hivyo nilipomwuliza kuhusu rufani. Dereva aliyesimamishwa kwa kukataa ana siku 15 za kwenda katika ofisi ya usajili wa magari kujitetea. Akifika huko, maswali yanayojadiliwa ni matatu. Je, polisi alikuwa na sababu ya kutosha kumshuku? Je, alikamatwa? Je, alikataa? Swali la nne, ambalo wewe na mimi tungetarajia liwe la kwanza, halipo kabisa: je, alikuwa amelewa?

Je, hiyo ni haki? Si mimi wa kwanza kujiuliza. Mwezi Mei 1976, katika mji wa Acton katika jimbo hilohilo la Massachusetts, mtu mmoja alikamatwa baada ya gari lake kugongana na jingine. Akakataa kupuliza. Dakika kama ishirini baadaye, baada ya kuzungumza na wakili wake, alibadili nia na kuomba apimwe, lakini polisi wakamwambia amechelewa. Mahakama iliifutilia mbali kesi yake ya ulevi kwa sababu hiyo ya polisi kumnyima kipimo. Hata hivyo leseni yake ilisimamishwa kwa siku 90, kama sheria ya wakati huo ilivyotaka. Alishtaki, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Majaji tisa waligawanyika. Juni 1979, watano wakiongozwa na Jaji Mkuu Warren Burger walisema leseni ni kitu ambacho sheria inakilinda, na serikali haiwezi kukinyakua ovyo, lakini usalama wa barabarani unairuhusu kuichukua kwanza na kumsikiliza mwenyewe baadaye. Wanne walikataa. Kwao, kumwadhibu mtu kabla ya kumsikiliza, kwa neno la askari peke yake, kulikuwa kinyume cha haki. Kwa hiyo desturi hii yote ilipona kwa kura moja.

Kama ningekuwa jaji, nadhani ningetetereka. Nimeishi Kenya muda wa kutosha kujua kwamba neno la askari wa barabarani si msahafu. Walakini ukiilegeza adhabu ya kukataa iwe nyepesi kuliko ya kupatikana umelewa, umewafundisha walevi wote cha kufanya, na atakayepuliza ni yule mnyonge asiye na rafiki wa kumshauri. Sheria ya Massachusetts ilikazwa zaidi mwaka 2005, baada ya msichana wa miaka 13 kuuawa na dereva mlevi miaka miwili kabla yake. Mzazi wa mtoto huyo ukimweleza habari za siku 180 za mpwa wangu, sijui angekujibu nini.

Kuna mpaka mmoja ambao mahakama imeuweka. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliamua kwamba polisi hawahitaji kibali cha hakimu kumpima pumzi mtu waliyemkamata kwa ulevi, ila wakitaka damu yake ni lazima, kwa kawaida, wawe nacho. Pumzi hutoka bure, lakini damu hutolewa kwa sindano.

KWETU JE?

Uingereza nayo ilianza upimaji wa pumzi Oktoba 1967, chini ya waziri wa uchukuzi Barbara Castle, mama ambaye yeye mwenyewe hakuwa na leseni ya kuendesha gari na aliyetukanwa sana na wenye mabaa. Huko anayekataa kutoa kipimo kituoni bila sababu ya haki hufungiwa leseni kwa angalau miezi 12, sawa na yule aliyepatikana amelewa. Kipimo chao cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi ndicho kilichoingizwa katika kanuni zetu za Kenya za 2011, ambazo ndizo zilizoleta Alcoblow.

Lakini kanuni zetu ziligonga mwamba. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki humshika dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Akipatikana na hatia, faini yaweza kufika shilingi 100,000, kifungo miaka miwili, au vyote viwili, na leseni hufungwa kwa miezi 12. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kumshtaki mtu kwa nambari ya mashine peke yake hakulingani na kifungu hicho, maana sheria yenyewe huuliza juu ya uwezo wa kulimudu gari. Angalia tofauti, basi. Katika kifungu hicho leseni huondoka baada ya hukumu. Massachusetts inaondoka kabla hata kesi haijatajwa.

Mkenya aliyelelewa katika utaratibu wa kwanza huingia katika ule wa pili akiwa amefumba macho. Wale ndugu zetu wanaoendesha malori makubwa huko Marekani ndio wangepaswa kuogopa zaidi, kwani akikataa kupuliza hata akiwa ndani ya gari lake dogo la nyumbani, siku ya mapumziko, leseni ya kazi hufungwa mwaka mzima. Mara ya pili huenda moja kwa moja.

Kwa wanafunzi kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwenye karamu. Tangu 2015 serikali ya Marekani imekuwa na utaratibu wa kubatilisha viza ya mtu aliyekamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, hata kama hajahukumiwa. Hafukuzwi nchini kwa sababu hiyo pekee. Anaendelea na masomo. Lakini siku akitoka nje ya nchi, hawezi kurudi mpaka aombe viza upya na kupimwa na daktari waliyemteua wao. Dada yangu ana umri wa miaka 67 na ugonjwa wa moyo. Nilipomweleza mpwa wangu habari hiyo ya viza, simu ilikuwa kimya kwa muda mrefu nikadhani imekatika.

Alinisihi nisimwambie mama yake. Nilikubali kwa wiki mbili, halafu nikamwambia atamwambia yeye au nitamwambia mimi. Alimpigia Jumapili moja mchana, mama akiwa ndiyo kwanza ametoka kanisani. Hakulia, wala hakumkaripia kama tulivyotarajia sote. Alimwuliza tu: "Na hiyo karatasi waliyokusomea, uliisikiliza?"

Hakuisikiliza. Alitia sahihi huku akiwaza vile atakavyowasimulia wenzake. Siku 180, akasema, zilikuwa zimeandikwa humo.

(Jambo moja la pembeni kwa wale wanaokunywa Jumamosi na kuwabeba watoto Jumapili asubuhi: ini huondoa pombe polepole, kiasi cha 0.015 kwa saa. Aliyefika 0.08 anahitaji zaidi ya saa tano kuwa safi, na aliyefika mara mbili ya hapo ataamka nayo. Kahawa, supu ya kongoro na maji baridi vitamfanya achangamke, lakini mashine haitaona tofauti.)

Ofisi ya usajili ilimsikiliza na kumjibu ndani ya maswali yale matatu: alishukiwa, alikamatwa, alikataa. Akishinda kesi ya ulevi anaweza kumwomba hakimu aamuru leseni irudishwe, ila hairudi yenyewe, na kesi inasogea polepole kuliko siku zenyewe. Nimepata ruhusa yake kuyaandika haya mradi nisimtaje jina.

Zamu yake ya mafunzo hospitalini huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na basi la kwanza hupita baada ya saa hiyo. Hutoka nyumbani saa kumi alfajiri na kutembea katika theluji, amejifunga skafu aliyofumiwa na mama yake, na akifika huvua viatu kwanza akaushe soksi. Wiki iliyopita alinipigia akiwa njiani. Zimebaki siku 112.