‘Labda’ ya Kakuma na somo la takwimu

Mwenzangu mmoja anayefundisha hisabati aliniletea karatasi nne zilizopigwa chapa, akaniomba nimsahihishie lugha. Juu ya karatasi ya kwanza palikuwa na maneno haya: Taratibu na Matarajio ya Kozi ya Uwezekano na Takwimu. Wanafunzi wake ni wa makundi mawili. Wengine wanakaa mjini Lodwar, na wengine hutoka Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu mwaka 1992. Kozi yenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, kama zilivyo kozi zote za sayansi katika vyuo vyetu, lakini mwenzangu aliona kuwa si haki kumfunga mtu kwa sheria ambayo haikumwelea, akaandika tafsiri ya Kiswahili. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua saa moja. Ilinichukua juma zima.

Kilichomfanya aje kwangu ni kisa kidogo ambacho yeye alikisimulia kwa kicheko, nami nikakisikiliza kwa huzuni. Ijumaa moja alikuwa amewatumia wanafunzi ujumbe wa simu kwa Kiswahili kwamba Jumatatu labda kutakuwa na jaribio. Wanafunzi wa Lodwar walisoma “labda”, wakaenda zao kulala. Kijana mmoja wa Kakuma, mzaliwa wa Sudan aliyesomeshwa kwa Kiarabu utotoni, alisoma neno lile lile, akahangaika kutafuta kibali cha kusafiri (maana mkimbizi hatoki kambini vivi hivi kama wewe na mimi), akakopa nauli, akafika Lodwar alfajiri ya Jumatatu. Jaribio halikuwapo. Alipoulizwa kwa nini amejisumbua, alijibu kwa adabu kwamba mwalimu mwenyewe alisema ni lazima.

Msomaji mpenzi, kijana yule hakukosea. Neno letu “labda” limetokana na Kiarabu “la budda”, yaani hakuna budi, hakuna njia ya kuepa. “Budi” hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia tunaposema mtu hana budi kulipa deni. Waarabu walitupa neno la yakini, nasi kwa karne kadhaa za kuliazima na kulisugua tukaligeuza kuwa neno la shaka. Mwanaisimu hufurahia mabadiliko ya maana kama haya na kuyaandikia makala. Kijana aliyelala kituo cha matatu hana sababu ya kuyafurahia.

Basi nikaanza kuisoma karatasi ile kwa jicho jingine. Hebu tuanze na jina la kozi. “Uwezekano” limetokana na kuweza. Ukisema jambo linawezekana, umesema tu kwamba hakuna kinachalizuia kabisa. Inawezekana mvua kunyesha leo Lodwar; inawezekana pia nikaokota almasi kando ya mto Turkwel. Somo hili halishughuliki na kama jambo laweza kutokea. Linashughulika na kipimo cha kutokea kwake, kutoka sufuri hadi moja. Kiswahili kina hazina ya maneno ya ngazi hizo, huenda, pengine, yamkini, aghalabu, lakini hatujayapanga kwa kipimo, na mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huingia darasani akiwa na neno moja linalobeba mizigo miwili.

“Wastani” nalo lina kasoro yake. Asili yake ni katikati, na kwa masikio ya kawaida kitu cha wastani ni kile cha kadiri, kisicho kikubwa wala kidogo. Kumbe wastani wa mahesabu, yaani jumla ikagawanywa kwa idadi, si lazima ukae katikati ya chochote. Mvua ya Lodwar kwa mwaka ni wastani wa milimita 200 hivi. Mgeni akisikia hivyo atafikiri kila mwaka huleta chake kidogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa, mifugo ikafa kwa maelfu. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya kufurisha malaga na kukata barabara. Jumlisha miaka hiyo, gawanya, utapata wastani ambao hakuna mfugaji aliyewahi kuuona ukidondoka kutoka mbinguni. Ndiyo maana nilimshauri mwenzangu asifundishe wastani juma la kwanza bila kufundisha mtawanyiko papo hapo. Alikubali, ingawa alinikumbusha kuwa mimi ni mtu wa lugha.

Lakini lililonishika koo lilikuwa fungu la tatu, kuhusu mahudhurio. Lilisema, kama yasemavyo mengi ya aina yake, kwamba mwanafunzi asiyehudhuria asilimia 75 ya mihadhara hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Mtihani huo hubeba alama 70 kati ya 100, na 30 ni za majaribio ya muhula. Kwa hiyo anayefungiwa mlango wa mtihani amekwisha kushindwa kozi, hata kama majaribio yote aliyapita kwa kishindo.

Nilimwomba mwenzangu aipime sheria hiyo kwa somo lake mwenyewe. Muhula una majuma 14, mhadhara mmoja kwa juma. Asilimia 75 ya 14 ni kumi na nusu, basi sharti uhudhurie mara 11. Ukikosa mara nne umekwisha. Tuchukue, kwa mfano tu, mwanafunzi wa Lodwar ambaye kila juma ana nafasi moja kati ya 20 ya kukosa, kwa malaria au msiba. Tuchukue na wa Kakuma ambaye ana nafasi moja kati ya tano, kwa sababu ya kibali, nauli, siku ya mgao wa chakula, au laga lililofurika. Mwenzangu aliketi na kikokotoo chake kwa dakika chache. Kati ya wanafunzi 1,000 wa aina ya kwanza, wanne hivi ndio watakaofungiwa mlango bila uzembe wowote wao. Kati ya 1,000 wa aina ya pili ni 300 na ushei. Na hapo tumewafanyia hisani kwa kudhani kwamba juma moja halina uhusiano na jingine. Mtu yeyote aliyekaa Turkana anajua kuwa barabara ikikatika leo, juma lijalo huenda bado imekatika.

Sheria ni ile ile, wino ni ule ule, na ukiisoma haimtaji mtu wala kabila. Hata hivyo inampiga mmoja mara 70 zaidi ya mwenziwe. Mwenzangu aliiangalia ile hesabu kwa muda, akasema kuwa amefundisha mgawanyo huo kwa miaka kadhaa kwa mifano ya balbu mbovu za kiwandani.

Nisieleweke vibaya. Sitetei utoro, wala siamini kwamba kijana wa Kakuma au mtoto wa mfugaji wa Kiturkana anayeitwa nyumbani mifugo inapohamishwa anahitaji kuonewa huruma ya alama. Wao wenyewe ndio wa kwanza kuikataa. Binti mmoja wa Lodwar aliniambia wazi kuwa shahada iliyoshushiwa ngazi itamwaibisha siku ya kutafuta kazi Nairobi, ambako tayari wanamtazama kana kwamba ametoka sayari nyingine. Nilichomwambia mwenzangu ni kwamba matarajio yabaki juu kama yalivyo, bali njia ya kuyathibitisha iwe zaidi ya moja. Aliyekosa mhadhara kwa sababu inayojulikana, akaarifu mapema, apewe zoezi la juma hilo na alijibu kwa mdomo mbele ya mwalimu. Jaribio lifanyike Kakuma na Lodwar saa ile ile, mwalimu mmoja asafiri badala ya wanafunzi 30. Na “labda” ipigwe marufuku katika matangazo yote.

Kuna wasomaji watakaouliza: ya nini kelele zote hizi kwa ajili ya kozi moja ya hisabati? Nitawajibu kwamba sijui sehemu nyingine ya Kenya ambako watu huhesabiwa mara nyingi na kuhesabu mara chache kama Turkana. Sensa ya 1999 ilisema Waturkana na wakazi wengine wa wilaya hiyo ni 450,860. Ile ya 2009 ikasema 855,399. Agosti 2010, Wycliffe Oparanya, aliyekuwa Waziri wa Mipango, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya wilaya nane za kaskazini, tatu kati yake zikiwa za Turkana, kwa hoja kwamba ongezeko hilo haliwezi kuelezwa na uzazi. Ubishi ukaingia mahakamani. Baadaye takwimu hizo zilitumika, na fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha ilipoipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, Turkana ikawa ya pili nchini kwa mgao, nyuma ya Nairobi peke yake. Sensa ya 2019 ikaleta 926,976. Yaani miaka kumi ya kwanza watu karibu wanaongezeka maradufu, miaka kumi iliyofuata wanaongezeka kwa asilimia nane tu. Hilo ni zoezi la darasani lililokuja lenyewe. Wanafunzi wa Lodwar ndio wanaostahili kuulizana ni sensa ipi iliyokosea, au kama wahamaji wanaweza kuhesabiwa sawasawa kwa usiku mmoja.

Au tukumbuke maji. Septemba 2013 dunia nzima ilitangaziwa kuwa chini ya ardhi ya Lotikipi, huko huko kaskazini mwa Kakuma, kuna hazina ya maji ya takriban mita za ujazo bilioni 200, iliyokadiriwa kwa picha za setilaiti na visima vichache vya majaribio. Magazeti, hili nalo bila shaka likiwamo, yalishangilia. Visima vilipoongezwa, maji yaligunduliwa kuwa na chumvi isiyonyweka. Kadirio ni kadirio, na visima vichache ni sampuli ndogo. Angalikuwapo mtu wa kuyasema hayo mapema kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, mama wa Lokichoggio asingalingojea mfereji miaka miwili.

Kakuma kwenyewe mambo ni makali zaidi. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula ulikatwa vibaya, kukazuka maandamano, na wakimbizi wakagawanywa katika makundi kulingana na mahitaji ya kila kaya, huku kundi lililoonekana kujimudu likiachwa bila mgao. Uamuzi wa nani ale na nani asile ulipita katika dodoso na mizani ya takwimu. Sisemi mizani hiyo ni ya uongo. Nasema kijana aliyesoma kozi hii ndiye awezaye kumweleza mama yake kwa nini kaya yao imetiwa kundi fulani, na kuandika barua ya rufaa inayouliza maswali yanayofaa.

Nami si mtakatifu katika mambo haya. Nilipokuwa nikikusanya data ya uzamifu juu ya Kiswahili cha Waturkana, niliwahoji watu 40 sokoni Lodwar, nikaandika kwa majivuno kuwa Waturkana wengi huzungumza Kiswahili. Mtahini aliniuliza swali moja: wasiokuja sokoni wanazungumza nini? Nilirudi uwanjani miezi mitano. Laiti ningalisoma takwimu nikiwa na miaka 20, nisingalichoma miezi hiyo nikiwa na 30.

Siku moja niliingia darasani kwa mwenzangu nikakaa nyuma. Mwanafunzi mmoja aliuliza, nusu kwa utani, kama somo hili ni kazi ya emuron. Kwa wasiojua, emuron ni mwaguzi wa Kiturkana, ambaye husoma matumbo ya mbuzi au hurusha viatu na kutabiri kwa namna vilivyoanguka. Darasa lilicheka. Mwenzangu, Mungu ampe umri, hakumkemea. Alivua kiatu chake, akauliza: kikirushwa, kitaangukia soli mara ngapi? Wote wakasema nusu, kama sarafu. Akawaambia wavue akala zao, kila mmoja arushe mara 20 na kuandika. Kwa nusu saa vumbi lilitimka darasani. Haikuwa nusu. Kiatu hakina pande mbili zinazolingana kama sarafu, kwa hiyo huwezi kukaa ukafikiri ukapata jibu. Huna budi kurusha, kuhesabu na kuandika. Kijana wa Sudan ndiye aliyejumlisha ubaoni, kwa Kiarabu akinong’ona, kwa Kiingereza akiandika.

Mafungu mengine ya karatasi ile sikuyagusa sana. Anayenakili kazi ya mwenziwe apewe sufuri, hilo halina mjadala. Kila mwanafunzi awe na kikokotoo chake, tulibadilisha ikawa kila wawili. Mahali palipoandikwa kwamba lugha nyingine yoyote isisikike darasani isipokuwa Kiingereza nilipiga mstari mwekundu mara tatu, na mwenzangu akacheka.

Fungu la tatu tuliliandika upya pamoja, tukaambatanisha na ile hesabu ya wanne na 300, tukalipeleka kwa wakubwa wa chuo. Tulijibiwa kuwa litajadiliwa, labda muhula ujao. Mwenzangu aliniuliza ni labda ya nani, yetu au ya Waarabu.