Pangeni Picha Kabla ya Kuwasha Kamera



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, napenda tuzungumze juu ya kosa dogo lililotokea siku ya wazazi mwaka jana, na dawa yake, ambayo ni daftari na penseli tu.

Mtakumbuka kwamba kundi moja la wanafunzi wetu lilirekodi kwa simu filamu fupi ya kufundisha udhu. Ilipokuwa ikioneshwa, mtoto mdogo aliyekaa mkekani mbele aliuliza kwa sauti: "Ustadhi, mbona kichwani hakupaka maji?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kijana yule alipaka, lakini wakati huo mshika simu alikuwa anahama kutafuta pa kusimama. Kwa hiyo baada ya mikono, picha ikarukia miguuni. Kupaka maji kichwani ni fardhi, na udhu uliokosa fardhi hausihi. Lau mtoto yule asingeuliza, huenda mtu angejifunza kwetu udhu usiotimia na akaswali nao. Kosa hilo ni langu kwanza, kwani niliwaacha washike simu kabla ya kuniletea mpango.

Storibodi ni nini?

Mpango huo watengenezaji wa filamu huuita storibodi. Ni visanduku vilivyochorwa kwa mfuatano, kila kisanduku kikionesha picha moja itakayorekodiwa, na chini yake maelezo mafupi. Utaratibu huu kwa namna tunayoijua leo ulikua katika studio ya Walt Disney huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji walibandika michoro ukutani, wakaitazama pamoja, wakahamisha au kuondoa isiyofaa kabla ya kuanza kazi kubwa. Faida ni ile ile hadi leo: kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio, bali kosa la kwenye filamu hurudisha kundi zima uwanjani.

Msiogope kwamba hamjui kuchora. Mtu wa vijiti anatosha, na kichwa ni duara tupu lisilo na macho wala mdomo. Hivyo hata mzazi asiyependa michoro ya viumbe hatakuwa na dukuduku.

Namna ya kuitengeneza

1. Andikeni lengo kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Mtazamaji ajue fardhi za udhu kwa mpangilio wake." Picha yoyote isiyotumikia lengo hilo, iacheni.

2. Orodhesheni mambo ambayo lazima yaonekane. Katika madhehebu ya Imamu Shafii fardhi za udhu ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio huo. Kisha ongezeni sunna mtakazozifundisha, kama vile kupiga bismillahi, kusukutua na kupandisha maji puani, kila moja mahali pake.

3. Chora kisanduku kwa kila jambo na ukipe namba. Chini yake andika mambo manne: picha ni ya mbali, ya kati au ya karibu, nani anaonekana na anafanya nini, maneno gani yanasikika, na sekunde ngapi. Mwendo uoneshwe kwa mshale.

4. Pimeni muda. Filamu ya dakika 2 ni sekunde 120, yaani visanduku 12 vya wastani wa sekunde 10. Mmoja asome maneno kwa sauti, mwingine ashike saa. Maneno yakizidi muda, punguzeni maneno.

5. Mtu asiyekuwa katika kundi lenu aitazame storibodi kisha awasimulie alichokielewa. Akikwama mahali, hapo pana kisanduku kinachokosekana.

Tutazame mfano. Kisanduku cha mikono kiwe picha ya karibu, kwani kwa mbali mtazamaji hatajua kama kiwiko kimeenea maji. Na nia je? Mahali pake ni moyoni, na kamera haifiki huko. Kwa hiyo katika kisanduku cha kuosha uso andikeni kwamba sauti ieleze kuwa nia huwekwa pale maji yanapoanza kugusa uso. Vivyo hivyo kwa maji. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani takriban ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida. Kisanduku kimoja kioneshe kipimo hicho kikimiminwa koponi. Picha ya bomba linalomwaga maji muda wote ingefundisha israfu bila ya sisi kukusudia.

Kisichofaa kuonekana

Storibodi husaidia pia kuamua nini kisioneshwe. Filamu ya "Ar-Risala" ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976, inasimulia mwanzo wa Uislamu lakini Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Mara nyingine kamera ndiyo husimama mahali pake na wengine wakasema nayo. Wapo wanavyuoni waliokubali jambo hilo na wapo waliolipinga. Ninachotaka mkione ni kwamba jambo kama hilo lisingewezekana bila kupangwa mapema kamera isimame wapi.

Kwetu sisi, jambo hili linagusa stara. Kutawadha ni kufunua mikono na kichwa. Basi asirekodiwe binti kisha ndipo tuulize kama inafaa. Wazazi waoneshwe storibodi wiki moja kabla, waone mtoto wao yumo kisanduku kipi na atakuwa amevaa nini. Asiyeruhusiwa kuonekana asiachwe nyuma. Anaweza kusoma maneno, kuchora, kushika saa, au kuweka alama kila kisanduku kinapokamilika. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana mwaka jana. Angekuwepo mtu mmoja mwenye karatasi mkononi, angesema: "Jamani, kichwa bado."

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumeona kwamba hata fardhi inaweza kupotea hivyo hivyo mbele ya macho yetu.

Basi mwaka huu kila kundi liniletee storibodi yake kwanza, tuipitie pamoja, na insha-Allah simu itashikwa baada ya hapo. Kundi la udhu nalo litarudia filamu yake. Na mtoto yule wa mkekani tumemwomba, kwa idhini ya wazazi wake, awe mtazamaji wetu wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.